Maji Yasiyoonekana Ndani ya Viyeyushi

Vichupa hivi viwili vina asetonitrili, kiyeyushi cha maabara. Kwa macho hamtaona tofauti. Kimoja kimekaushwa, kingine kina maji theluthi nzima ya ujazo; nimeyazidisha makusudi ili hata walioketi nyuma waone. Maabara huwa tunahangaika na maji kidogo kuliko haya, kwa sababu kitendanishi cha Grignard, kwa mfano, kemikali ya kuunganishia kaboni na kaboni, kikigusana na maji tu kimeharibika.

Njia iliyozoeleka ya kuyapima ni titresheni, yaani kutia kitendanishi kidogo kidogo hadi mmenyuko ukamilike, ya Karl Fischer, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1935. Iodini na dioksidi ya salfa hula maji, nasi tunahesabu iodini iliyotumika. Asije mtu akatoka hapa akidhani imepitwa na wakati. Kwa maji haba sana bado ndiyo hakimu. Ila itilie asetoni uone kituko: methanoli iliyomo kwenye kitendanishi huungana na asetoni na kuzalisha maji mapya, na namba inapanda bila kutulia.

Sasa natia prodani, rangi inayong'aa ikimulikwa, aliyoieleza Gregorio Weber na mwenzake mwaka 1979. Nawasha taa ya urujuanimno. Kilicho kikavu kinang'aa samawati. Chenye maji kimeegemea kijani.

Kinachotokea ni hiki. Molekuli ya prodani ikifyonza mwanga, chaji hujivuta kutoka upande wa nitrojeni kwenda upande wa oksijeni. Molekuli za maji zilizo jirani hugeuka na kuikumbatia kwa vifungo vya haidrojeni, nishati inapungua kabla mwanga haujatoka, na urefu wa wimbi unaongezeka: takriban nanomita 400 ndani ya saikloheksani, kiyeyushi kisichochangamana na maji, na 530 ndani ya maji.

Hapa ndipo wengi huteleza. Rangi haihesabu maji, inaeleza majirani zake. Ethanoli nayo huisogeza kuelekea kijani. Kwa hiyo kila kiyeyushi kinataka grafu yake ya kulinganishia, kwa jotoridi lilelile, na msitarajie mstari ulionyooka. Pia pimeni uwiano wa mwanga katika mawimbi mawili, maana ukitegemea ukali wa wimbi moja, taa ikichoka kidogo utadhani maji yameongezeka.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kiwandani: kidirisha kwenye bomba, mwanga unaingia na kutoka, na hakuna anayefungua kizibo na kukaribisha unyevu wa hewani.