Umeapdeti seva, sawa, je prosesi umeziristati?

Haya wadau, karibuni, mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo maana komandi nitakazoonyesha ukutani herufi zake ni ndogo.

Tuanze na 7 Aprili 2014, siku Heartbleed ilipotangazwa. OpenSSL, laibrari (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, kuanzia 1.0.1 mpaka 1.0.1f ilikuwa na tundu la usalama, mtu yuko huko mbali anavuta memori ya seva yako, hadi 64 KB kwa ombi moja, na humo ndani ufunguo wa siri wa cheti chako unaweza ukawemo. Dawa ikatoka siku hiyohiyo, 1.0.1g. Sasa mtu anaapdeti, inamaliza bila kulalamika, analala. Kumbe nginx, programu inayohudumia tovuti, iliyowashwa mwezi uliopita bado inatumia laibrari ileile yenye tundu, na ndo hiyohiyo inayojibu wateja usiku kucha!

Kwa nini? Kwenye Linux prosesi, yaani programu inayoendeshwa, ikianza inaifungua libssl, faili la laibrari ya OpenSSL, na kuibeba kwenye memori yake. dpkg, kile kinachosakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu, ikija na faili jipya haiandiki juu ya lile la zamani, inaliweka jipya pembeni kisha inalipa lile jina. La zamani limenyang'anywa jina tu, data yake bado ipo kwenye diski mpaka prosesi ya mwisho iliyolishika iliachie, na ni vizuri iwe hivyo, ukiandika juu ya laibrari inayotumika programu zinaweza kuanguka hapohapo.

Kwa hiyo msikisie, kerneli, kiini cha mfumo, inajua kila kitu, iulizeni:

sudo grep -l 'libssl.*deleted' /proc/[0-9]*/maps

Kila mstari unaotoka una namba katikati, hiyo ndo PID, namba ya utambulisho, ya prosesi iliyoshika libssl ya zamani. Kwenye lsof, komandi inayoorodhesha mafaili yaliyoshikwa na prosesi, utaona DEL. Ila ukitafuta deleted peke yake utaletewa pia memfd, SYSV na vinginevyo, hizo ni sehemu za memori tu, sio laibrari, usihangaike nazo.

Kwa kazi ya kila siku tumieni needrestart, Ubuntu Server tangu 22.04 inakuja nayo, kwenye 22.04 ndo lile dirisha linalowauliza huduma zipi ziristatiwe na wengi mnalifunga bila kusoma, naombeni sana msome. Debian mna pia checkrestart ndani ya debian-goodies, Fedora na Red Hat ni dnf needs-restarting, ukiweka -r inakwambia kama mashine nzima inahitaji kuwashwa upya, openSUSE ni zypper ps -s. Na needrestart yenyewe iapdetiwe, Novemba 2024 Qualys walitangaza matundu ambayo mtumiaji wa kawaida ndani ya mashine angeweza kuyatumia kuwa root, yaani mwenye mamlaka yote, toleo la 3.8 limeyaziba.

Sehemu inayowachanganya wengi ni glibc, laibrari ya msingi ya lugha ya C, hiyo karibu kila prosesi imeishika, hata systemd yenyewe, ile inayowasha huduma zote. Systemd unaweza kuipiga systemctl daemon-reexec ijianzishe upya, lakini dbus, njia ya huduma kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, ukiiristati mashine ikiwa hewani unaweza kuvuruga huduma nyingine nyingi, mimi hapo napanga muda na wateja nawasha mashine upya. sshd, huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali, iristatini bila woga, mliomo ndani hamtatolewa, ila sesheni hizo za zamani zinaendelea na laibrari ya zamani mpaka mtoke.

Halafu programu zilizobeba laibrari ndani yake zenyewe, nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Go ziko hivyo, hazitatokea kwenye grep hata kidogo, hizo mpaka zijengwe upya. Haya, dada pale dirishani alinyoosha mkono, karibu uulize.