Kabla ya Kununua Kopo, Hesabu Saa za Njaa

Ndugu zangu masaisi, nanyi wenye farasi mliokaa huko nyuma, nawasalimu. Nimeombwa niseme ni kirutubisho gani cha kutuliza kinachomfaa farasi mwoga. Nitajibu. Lakini nianze na swali ninalouliza kila banda ninaloingia, kuanzia Karen hadi Nanyuki: usiku wa jana, farasi huyo alimaliza nyasi zake saa ngapi?

Mwenye farasi huwa hajui. Anayejua ni saisi, kwa kuwa ndiye aliyemlisha. Atasema alimwekea nyasi saa kumi na moja jioni, kufika saa mbili usiku zimeisha, na hakupata nyingine mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa 10 mdomo mtupu! Halafu anatandikwa, anaruka, anashtukia mfuko wa plastiki uliopeperuka, na jioni hiyohiyo mwenyewe anaagiza kopo la kitulizo kutoka Uingereza. Saisi hakuulizwa lolote. Amepewa kijiko tu, akaambiwa achanganye.

Hapa nitakaa kidogo, hata mwenyekiti akinionyesha saa. Tumbo la farasi halisubiri chakula ndipo litoe asidi. Linatoa mchana kutwa na usiku kucha. Kinachoipunguza makali ni mate, na farasi hatoi mate asipotafuna. Akiachwa malishoni hula saa 16 au zaidi kwa siku, kwa hiyo hakuumbwa kukaa na njaa. Tena sehemu ya juu ya tumbo lake haina ute wa kuikinga. Mkimbize akiwa mtupu, asidi inarushwa hadi huko juu na kuunguza. Ndiyo maana farasi wa mbio walio mazoezini, wakichunguzwa kwa kamera ya kupitishwa puani, tafiti nyingi zimekuta zaidi ya 8 kati ya 10 wana vidonda vya tumbo.

Huyo ndiye mnayemwita mwoga. Mkikaza ukanda wa tandiko anageuka kuuma, mnasema ana tabia mbaya. Akiacha nusu ya chakula ndooni, mnasema anadeka. Ana maumivu! Anasaga meno, manyoya yamefifia, na bado mnampa unga wa maua atulie. Mwiteni daktari wa mifugo ampime. Vidonda vina dawa, omeprazoli, na nyasi zisikatike. Nusu saa kabla ya kumpanda, mpeni lusini kidogo, lile jani la malisho, maana kalsiamu yake inasaidia kupunguza makali ya asidi.

Najua mtu atasema, daktari, ukame huu robota la nyasi kavu halishikiki bei. Ni kweli. Basi chukueni bei ya kopo moja, pamoja na nauli yake ya ndege, mgawanye kwa bei ya robota la Boma Rhodes, nyasi ya kukausha, ndipo mniambie kipi ni ghali. Mwingine atasema wake hunenepa. Mwekee nyasi kwenye wavu wa matundu madogo, atoe kidogokidogo mpaka alfajiri. Na wa tatu atasema wake halali njaa, yuko kwenye nyasi ya Kikuyu usiku na mchana. Huyo namjibu kwa ukali zaidi, kwa sababu nyasi hiyo ina oksaleti inayozuia kalsiamu isitumike mwilini. Farasi akiishi kwa nyasi hiyo peke yake mifupa hudhoofika, huchechemea leo mguu huu kesho ule, na farasi anayeumwa mifupa hatatulia. Anahitaji kalsiamu.

Nafaka nayo. Farasi asiye na kazi nzito anajaziwa shayiri na mahindi, kisha tunashangaa anawaka. Mwaka 1996 watafiti wa Virginia, Marekani, walichapisha matokeo kwamba farasi walioongezewa mafuta ya mahindi na lesithini ya soya, aina ya mafuta, kwenye chakula walipunguza kushtuka na kuhangaika. Punguzeni wanga, ongezeni nyasi na mafuta kidogo. Fanyeni hivyo taratibu, kwa wiki kadhaa.

Sasa makopo yenyewe, na muda umenibana. Magnesiamu ndiyo inayouzwa zaidi. Farasi wa kilo 500 asiye na kazi anahitaji gramu 7.5 hivi kwa siku. Akila kilo 10 za nyasi zenye asilimia 0.1 tu ya magnesiamu, tayari amepata gramu 10. Kama hana upungufu, unalipia mkojo. Pimeni nyasi kwanza. Triptofani, asidi-amino inayouzwa kama kitulizo, siipendi hata kidogo: dozi ndogo imewahi kumsisimua farasi badala ya kumtuliza, na dozi kubwa ya kumeza huvunja chembe nyekundu za damu. Vitamini B1 farasi huipata kwenye chakula na kwa vijidudu vya utumbo wake, upungufu ni nadra. Protini ya maziwa, alfa-kasozepini, ina dalili za kusaidia kidogo wakati wa mafunzo, hiyo sitawakataza.

Valeriani ni marufuku mashindanoni chini ya sheria za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, na kusema ni mitishamba hakukuokoi sampuli ikitoka na valeriani. Marekani nako GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, ilipigwa marufuku mashindanoni mwaka 2012, baada ya kuuzwa kama kitulizo. Kopo lisiloandika kiasi cha kila kiungo kwa gramu, lirudisheni dukani.

Meno na tandiko lisilomkaa mgongoni nilikusudia kuyapa nusu saa, lakini nimeshaonyeshwa kadi. Maswali nitayapokea, na naomba aanze saisi. Wenye farasi wa kukimbia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Jumapili hii, leteni lebo zenu hapa mbele tuzisome pamoja kabla hamjaondoka.