Taa Zinafifia, Pampu Inajivuta: Tutafute Volti Zinapotelea Wapi kwenye Karavani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuko ndani ya karavani, na kazi yetu ni umeme wa volti 12 peke yake: taa za ndani, pampu ya maji, feni, hita ya gesi na ile bodi ndogo ya umeme inayoongoza friji. Dalili mnazijua. Taa zinafifia pampu ikianza kuzunguka. Feni inajivuta. Hita inazungusha feni yake kidogo, kisha inakataa kuwasha moto. Wengi wakifika hapo wanakimbilia betri mpya, na baada ya wiki tatizo ni lilelile. Sisi kabla ya kutoa hela tunapima.

Vifaa ni vichache. Mita ya umeme, hata ya bei ya chini, ilimradi inapima volti za moja kwa moja (DC). Waya mmoja mrefu wa kufika kutoka kwenye betri hadi mwisho wa gari. Brashi ya chuma, msasa na spana. Ongeza balbu ya zamani ya indiketa, ile ya wati 21, uiunganishie waya mbili. Hiyo inakula karibu ampea 2, na mtaona baadaye kwa nini naipenda.

Usalama kwanza, nasema haraka. Volti 12 hazikupigi shoti, lakini betri ikiunganishwa chanya na hasi kwa spana inatoa moto wa kuyeyusha chuma, kwa hiyo vua pete na saa. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukiirudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi ya gari wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, tayari una shoti, yaani chanya na hasi zimekutana moja kwa moja. Na lile boksi la chaja lina umeme mkubwa wa nje ndani yake. Usilifungue gari likiwa limechomekwa.

Haya, hatua ya kwanza. Chomoa umeme wa nje, zima na sola kama unayo. Betri iliyotoka kuchajiwa inadanganya, inaonyesha volti za juu kuliko zilizomo. Iache ipumzike saa kadhaa, au washa taa dakika chache kisha uzime. Sasa pima kwenye betri. Kwa betri ya asidi, 12.6 au 12.7 imejaa. 12.2 iko nusu. Ukiona 12.0 au chini, ichaji kwanza, usiendelee kutafuta hitilafu kwenye betri yenye njaa. Wenye betri za lithiamu, ninyi namba hizi haziwahusu: yenu inakaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu, halafu inaporomoka ghafla ikikaribia kuisha. Volti zake hazikuambii imebaki kiasi gani.

Hapa kwangu nasoma 12.6. Betri nzima? Bado sijui. Kipimo cha betri isiyofanya kazi ni kama kumuuliza mtu aliyelala kama ana nguvu. Washa taa zote, fungua bomba ili pampu izunguke, na uache mita palepale. Ikishuka hadi 12.3 au hapo karibu na kutulia, sina shaka nayo. Ikiporomoka chini ya 11.5 kwa mzigo mdogo kama huu, ama betri imechoka ama kuna tatizo kwenye vichwa vyake.

Na hapa kuna ujanja ambao hata mafundi wengine wanauruka. Pampu ikiwa bado inazunguka, gusa ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, na ncha ya pili kwenye kibanio kilichokishika. Vimegusana, kwa hiyo ungetegemea sifuri. Tazameni mita yangu: 0.6. Zaidi ya nusu volti inapotea kwenye unene wa utando mweupe ambao macho hayauoni. Zima kila kitu, fungua, piga brashi mpaka pang'ae pande zote mbili, kaza, pima tena. Sasa ni 0.02. Kama kwako ilikuwa hivyo, umeshamaliza robo ya kazi bila kununua chochote.

Chaji nayo tuiangalie. Chomeka umeme wa nje, pima kwenye betri. Inatakiwa ipande hadi kati ya 13.6 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, chaja haifikishi umeme. Angalia fyuzi kubwa za kwenye boksi zinazolinda dhidi ya betri kufungwa kinyume. Mara nyingi ndizo zilizoungua, hasa kama kuna mtu alibadilisha betri karibuni.

Fyuzi ndogo sina mengi. Rangi zinajulikana: nyekundu ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Usiitazame tu kwa macho. Pima kwenye vile vitundu viwili vya mgongoni, pande zote mbili pawe na umeme. Na tafadhali, usiweke kubwa zaidi eti kwa sababu ile ya kawaida inaungua. Fyuzi inalinda waya, na waya unapita ndani ya mbao.

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Betri iko sawa, fyuzi ziko sawa, na pampu bado inajivuta. Ukichomoa waya wa pampu na kupima, unakuta 12.5 safi kabisa, unachanganyikiwa. Ni kwa sababu mita haili umeme wowote wa maana. Waya uliobaki nyuzi mbili tu unaweza kupitisha volti zote kwa mita, ila ukidai ampea 6 unashindwa. Ndiyo maana nina ile balbu: ifunge mahali pa pampu. Ikiwaka nyekundu hafifu huku mita ilisema 12.5, waya ndio mgonjwa.

Tuujue ni waya upi. Pampu ikizunguka, ncha moja kwenye chanya ya betri kwa ule waya mrefu, nyingine kwenye chanya ya pampu. Mita inaonyesha volti zilizopotea njiani. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Waya mzuri nao unapoteza kidogo: shaba ya milimita mraba 2.5, urefu wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, ikibeba ampea 6, inakula karibu nusu volti kwa jumla. Hilo halitushtui. Ukiona volti moja na nusu upande mmoja, kuna kiungo kibovu. Sogeza ncha kiungo baada ya kiungo, na pale namba inaporuka ndipo penyewe. Mara nyingi pamepata joto, plastiki imebadilika rangi.

Mimi nikilazimishwa kubashiri, naanza na hasi. Kila mtu anafuatilia waya mwekundu, na ule wa kurudi umefungwa kwa boliti chini ya gari, unakula maji na vumbi la barabara. Fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi chuma cheupe, funga kwa kukaza, kisha pakaza grisi juu kuzuia maji. Ile hita inayokataa kuwaka mara nyingi inapona hapohapo: feni yake isipozunguka kwa kasi ya kutosha, swichi ya upepo haiunganishi umeme, na gesi haifunguliwi.

La mwisho ni betri inayoisha gari likiwa limeegeshwa. Zima kila kitu, fungua hasi, hamisha waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, unganisha mita kati ya kichwa cha hasi na kibanio chake. Kihisi cha gesi na redio vinakula kidogo muda wote, ni kawaida. Ampea 0.1 tu ni saa-ampea 2.4 kwa siku, yaani betri ya saa-ampea 100 inafika nusu ndani ya wiki tatu. Ikizidi hapo, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usiwashe pampu mita ikiwa hapo, unaweza kuunguza fyuzi ya mita. Na ukimaliza, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti kabla hujagusa betri tena, la sivyo kipimo chako kinachofuata kitakuwa shoti.