Kwa nini jela za California ziko mashambani? Mfahamu Profesa Ruth Wilson Gilmore | Barabara ya 99

Habari zenu wadau, mko salama? Wakubwa wote shikamooni. Leo nimepaki hapa Delano, California. Mzigo nimeshaushusha, na saa zangu za kuendesha kwa leo zimekwisha. Sheria ya huku hairuhusu kuongeza hata kidogo, kwa hiyo hata nikitaka kuondoka siwezi. Basi tukae tuzungumze.

Kwenye video za barabara hii ya 99 mnaniuliza sana: yale mataa yanayowaka usiku kucha kule mashambani, ni kiwanda au uwanja wa ndege? Jamani, ni jela. Hapa Delano peke yake ziko mbili za serikali ya jimbo: North Kern, iliyofunguliwa 1993, na Kern Valley, ya 2005. Ukishuka kusini kidogo unaikuta ya Wasco. Ukipanda kaskazini magharibi unafika Corcoran, mji mdogo kabisa, nao una mbili. Endelea mbele, kuna Avenal, kuna Coalinga, halafu Chowchilla, wanakofungwa wanawake. Na katikati ya hizo zote ni zabibu, lozi, nyanya na pamba, mpaka jicho linachoka.

Sasa sehemu kubwa ya waliomo humo walikamatwa Los Angeles, mbali na hapa. Kwa nini wamejengewa huku kwenye zabibu?

Aliyenifungua macho ni profesa wa jiografia, mama mmoja mweusi wa hapahapa Marekani anayeitwa Ruth Wilson Gilmore. Najua mkisikia jiografia mnawaza volkano, mmomonyoko wa udongo na kuchora mto unavyopinda. Huyu mama kazi yake ni jiografia hiyohiyo: ardhi, maji, watu na pesa. Tofauti ni kwamba aliichukua akaenda nayo mpaka kwenye lango la jela.

Nianze na alikotoka. Alizaliwa Aprili 1950, New Haven, jimbo la Connecticut, mji wenye Chuo Kikuu cha Yale. Babu yake alikuwa mfanyakazi wa usafi hapo Yale, na alishiriki kuunda chama cha wafanyakazi wa chini wa chuo. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma kwenye kiwanda cha bunduki cha Winchester, naye aliwaunganisha mafundi wenzake kudai haki zao. Mwaka 1960 binti akapelekwa shule binafsi ya wasichana mjini hapo, akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza pale. Miaka yake mingi shuleni, mweusi alikuwa ni yeye tu.

1968 akaingia chuo cha Swarthmore, Pennsylvania. Hapa nataka tupunguze mwendo. Januari 1969 wanafunzi weusi, yeye akiwemo, pamoja na Fania Davis, mdogo wa Angela Davis, yule mwanaharakati mweusi maarufu, waliikalia ofisi ya udahili wakitaka chuo kipokee wanafunzi weusi zaidi. Wakiwa humo ndani, tarehe 16, mkuu wa chuo akapata mshtuko wa moyo akafariki. Mgomo ukaishia hapo. Siku iliyofuata, tarehe 17, kule Los Angeles ndani ya chuo cha UCLA, wakapigwa risasi wakafa vijana wawili wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, Bunchy Carter na John Huggins. Huyo Huggins alikuwa binamu yake Ruth.

Fikiria binti wa miaka 18 unayapokea hayo mawili kwa mpigo. Aliondoka Swarthmore akarudi kwao, na hatimaye akamaliza masomo Yale, kule babu yake alikokuwa akifagia. Alisomea nini? Sanaa za maigizo. Jiografia bado haijaonekana hata kwa mbali!

Baadaye akahamia California na mume wake, Craig Gilmore, na miaka ya 80 na 90 wakawa watu wa harakati. Yaani huyu hakufika kwenye magereza kwa kutafuta mada ya kuandikia. Alikuwa akikaa na akina mama wa Los Angeles waliojiunga 1992 kwenye kikundi cha Mothers Reclaiming Our Children. Wengi walikuwa weusi, wengine Walatino, na watoto wao wamekamatwa. Walikwenda mahakamani kwa zamu, kesi ya mtoto wa huyu leo, wa yule kesho, wakikaa kwenye mabenchi ili hakimu na mwendesha mashtaka waone kwamba kijana aliyesimama pale ana watu wake. Wakajifunza sheria kifungu kwa kifungu. Wengine hawakuwa wamewahi kukanyaga mahakama maishani.

Akiwa na maswali ya wale akina mama ndipo akarudi darasani, umri umeshavuka 40. Akaenda Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, alikokuwa akifundisha Neil Smith, Mskoti aliyekuwa na jina kubwa katika jiografia, na 1998 akapata udaktari wake. Ana miaka 48! Mwaka huohuo, yeye na wenzake, Angela Davis akiwemo, wakaanzisha Critical Resistance, chama cha kupinga kuongezeka kwa magereza. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha Berkeley. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Southern California, kisha New York, kwenye CUNY Graduate Center, tawi la chuo kikuu cha umma cha jiji hilo.

Haya, sasa turudi kwenye mataa.

Kitabu chake kilitoka 2007, kinaitwa Golden Gulag, na kinaanza na hesabu ambayo ukiisikia unasimama. Kuanzia 1852 mpaka 1964, miaka zaidi ya mia moja, California ilijenga magereza makubwa 12. Kuanzia 1984 mpaka anaandika, yameongezeka 23. Wafungwa wa jimbo waliongezeka kwa karibu asilimia 500 kati ya 1982 na 2000. Utasema labda uhalifu ulizidi. Hapana. Uhalifu ulifika kileleni 1980, ukaanza kushuka. Majengo yakaanza kupanda wakati uhalifu unashuka!

Jibu lake ni kwamba California ilikuwa na vitu vilivyobaki bila kazi, kwa wakati mmoja, na jela ndiyo iliyovikusanya vyote.

Pesa, kwanza. Kwa kawaida serikali ya jimbo ikitaka kukopa kwa hati fungani za ujenzi, wananchi lazima wapige kura. Mwanzoni mwa miaka ya 80 walikubali. Lakini wataalamu wa fedha waliona kura ni usumbufu, siku moja wananchi watasema basi. Wakatumia njia nyingine: chombo kimoja cha umma kinakopa na kujenga, halafu idara ya magereza inapanga lile jengo, na kodi ya pango ndiyo inayolipa deni. Kwa kuwa ni pango, kura haihitajiki. Benki zina pesa zinatafuta pa kuwekeza salama, na serikali ni mpangaji asiyehama. Mimi sehemu hii ya kitabu niliisikiliza mara mbili nikiwa barabarani, kisha nikazima redio nikaendesha kimya.

Halafu ardhi. Corcoran pale zamani palikuwa na ziwa, Ziwa Tulare, ziwa la maji baridi kubwa kuliko yote magharibi ya mto Mississippi. Wakubwa wa kilimo walizuia mito, wakalikausha, wakapanda pamba. Kampuni ya Boswell ilikuja kuwa na ardhi huko ambayo huwezi kuimaliza kwa macho. Sasa miaka ya 70 na 80 ukaja ukame, gharama za maji zikapanda, mashine zikachukua kazi za vibarua, na baadhi ya mashamba yakawa hayalipi. Shamba lisilolipa ukiiuzia serikali kwa ajili ya jela, limelipa. Jela ya Corcoran ilifunguliwa 1988 juu ya kilichokuwa sakafu ya ziwa. Na ziwa lenyewe halijasahau: mvua za 2023 zililirudisha, ikabidi waongeze kimo cha tuta linaloulinda mji. Nyie mliokuwa nami mwaka ule mnakumbuka nilivyokuwa nalalamika barabara zimefungwa.

Watu wa mji waliahidiwa ajira. Kilichotokea, kazi nyingi zilichukuliwa na watu wa nje, wanaokuja asubuhi na magari yao na kuondoka zamu ikiisha. Kinachokua ni idadi ya wakazi, kwa sababu sensa ya Marekani humhesabu mfungwa pale alipofungwa. Ukiona kibao cha mji kimeandikwa watu elfu kadhaa, usikimbilie kufungua mgahawa. Wateja wengi wako ndani ya uzio.

Na watu je? Los Angeles ilikuwa mji wa viwanda. Firestone, kiwanda cha matairi pale South Gate, kilifungwa 1980. General Motors, mji huohuo, 1982. Mwaka uliofuata kikafuata kiwanda cha chuma cha Kaiser, Fontana. Baba aliyekuwa na kazi yenye chama cha wafanyakazi na bima ya afya amebaki nyumbani, na kijana wake hana hata pa kuanzia. Papo hapo sheria zikawa kali: dawa za kulevya, magenge, na 1994 ikaja ya makosa matatu, ambapo kosa la tatu lilikupeleka kifungo cha miaka 25 mpaka maisha hata likiwa dogo. Serikali nayo ilikuwa na ofisi na wataalamu wa kupanga mambo makubwa, ila tangu wananchi wabane kodi za majumba mwaka 1978, kujenga shule na zahanati kulikuwa vigumu kukubalika. Jela ilikubalika.

Watu wakisema magereza ya Marekani ni biashara ya kampuni binafsi, mama huyu huwakatalia, na mimi nilikuwa nikiamini hivyo kama wengi wenu. Sehemu kubwa kabisa ya magereza ni ya serikali. Anasema ukimfukuzia mwenye kampuni utaacha kuiangalia bajeti ya umma, ambako ndiko mambo yalikofanyika.

Sasa hii Kern Valley hapa nyuma yangu. Yeye na Craig walikuwa kwenye mradi wa kusimamisha ujenzi wa magereza mapya California, na hii waliipinga ikiwa bado ni ramani. Walikwenda mahakamani kwa hoja za mazingira: maji, hewa, ardhi ya kilimo. Wakaungana na wanaharakati wa vibarua wa mashambani, na Delano mnajua historia yake, hapa ndipo Wafilipino wachuma zabibu walipoanza mgomo 1965, akina Cesar Chavez, kiongozi wa vibarua, wakajiunga nao. Waliichelewesha miaka kadhaa, lakini ikajengwa. Baadaye ikagundulika maji ya kunywa ya jela yana aseniki, ambayo ni sumu, kupita kiwango. Hoja ya maji haikuwa ya kupoteza muda.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Fresno, 2003, kwenye mkutano wa haki za mazingira. Watoto wa bondeni, yaani wa bonde hili la mashamba, walikuwa na kikao chao, wakamwita. Wamekunja uso. Wakamuuliza: wewe unataka jela zifungwe? Na mtu akiua je? Akawaambia kuhusu Hispania, ambako kuuana ni nadra, na aliyeua hukaa ndani wastani wa miaka saba. Wakaruka, miaka saba tu? Akawajibu kwamba pale ambapo uhai una thamani, uhai una thamani: nchi inayouheshimu haimtupi hata aliyekosea. Hawakuridhika, wakaendelea na kikao chao. Jioni wakatoa ripoti yao ya mambo matatu yanayowadhuru watoto wa bonde: dawa za kuulia wadudu, polisi na magereza.

Mimi mwenyewe kwenye kufuta jela zote sijafika alikofika yeye. Aliyevunjiwa nyumba usiku, akafungwa kamba yeye pamoja na familia yake, kumwambia habari ya Hispania ni kazi. Lakini nikimsikiliza vizuri, hasemi mfungue malango kesho asubuhi. Anazungumzia vitu vya kuwepo kwanza: shule, matibabu, kazi, nyumba. Na kwenye suala la kwa nini jela ziko hapa na si kwingine, sijaona wa kumpinga.

Heshima amepata. Jumuiya ya wanajiografia wa Marekani ilimpa tuzo ya maisha yote 2020, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwenye American Academy of Arts and Sciences. Makala zake za miaka mingi zikakusanywa kitabuni 2022.

Siku hizi California imeanza kufunga. Ile ya Tracy ilifungwa 2021, ya Susanville kule kaskazini 2023. Na mjue, mji wa Susanville ulikwenda mahakamani kuzuia isifungwe! Mji mzima umeshazoea mshahara wa jela. Nina mzigo wa kwenda upande ule mwezi ujao, nitapita nizungumze na wenye maduka, watakaokubali kurekodiwa. Kama una swali la kuwauliza liandike hapo chini. Acha sasa nikatafute chakula, hapa jirani kuna Mfilipino anapika wali wa maana.