Bahari Inasomwa kwa Miguu

Walimu wangu, wazazi, na nyinyi vijana wa kidato cha sita, asalamu alaykum.

Nimeitwa niseme juu ya kusoma sayansi za bahari chuo kikuu na kazi zinazopatikana. Nianzie pwani ya Jambiani, Unguja, tulipopelekwa mara ya kwanza kujifunza kuhesabu viumbe. Tulikuwa na kamba ya mita na fremu ya nusu mita kwa nusu mita. Unailaza fremu chini, unainama, unahesabu kila kilichomo: majani ya bahari, konokono, tumbawe dogo. Unaandika, unasogea mita kumi, unainama tena. Baada ya saa moja mgongo unauma na hamjaona hata pweza mmoja. Akapita bibi mmoja na mkuki wake, akasimama akatutazama. "Wanangu, pweza mnamtafuta maji mafu? Rudini bamvua, mwamba ukiwa mtupu."

Bamvua ni siku maji yanapokupwa mbali sana; maji mafu ni siku yanapokupwa kidogo tu. Yeye alijua lini bahari inafunguka. Sisi tulikuwa na njia ya kuhesabu. Shahada ninayowaambia habari zake hukaa hapo, baina ya bibi yule na fremu ile, na msomi anayemdharau mmoja wao hafiki mbali.

Wengi huja wakidhani ni kuzamia na kutazama samaki. Kuzamia kupo, lakini utakutana kwanza na kemia, fizikia na takwimu. Msiziogope, kwani bila hizo huwezi kueleza kwa nini mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Ndani ya tumbawe mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ndio unaolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi moja au mbili tu, kwa wiki kadhaa, tumbawe humtapika mpangaji wake, likabaki jeupe na njaa.

Joto hilohilo limeingia katika mifuko ya mama zetu. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, haistahimili maji ya moto: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika kwenye kamba. Wakulima wengi wakabaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ya bei ndogo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1978, walikaa na kina mama hao wakajaribu kupanda kotonii katika mirija ya nyavu, kwenye kina kirefu ambako maji yana ubaridi. Lakini kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa. Hapo mnaona kazi ngapi zimejificha katika kamba moja ya mwani: mtafiti, mkufunzi, mtengeneza sabuni ya mwani, mpima ubora.

Kazi nyingine mnazisikia: afisa uvuvi, askari na wataalamu wa hifadhi za bahari kama ile ya Mafia, utafiti TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, tathmini ya mazingira kabla ya kujenga gati, ufugaji wa majongoo bahari. Iko pia bahari kuu, hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, ambako meli za kigeni huvua jodari na lazima awepo mtu wa kwetu anayejua kuhesabu kilichotoka.

Sitawaficha: ajira ya serikali haimsubiri kila mhitimu. Wengi huanza na mikataba mifupi ya miradi, na anayejua kuchambua data na kuandika ripoti ndiye anayeitwa tena. Basi jifunzeni kompyuta mapema, na jifunzeni kuogelea, hasa nyinyi mabinti.

Keshokutwa ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, nami nitakuwa pwani na fremu tano. Anayetaka aje, ila avae viatu, mwamba unakata.