Wanaookotewa Mawazo

Hamjambo ndugu zangu? Karibuni tena. Kuna swali naulizwa sana: hivi vikundi vya siasa kali vinavyoandamana huku Uingereza, kiti bungeni hawana, faida yao nini hasa? Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, kwa Wachatisti, vuguvugu la wafanyakazi wa Uingereza wa karne ya 19.

Mwaka 1838 hawa walitoa hati ya madai sita: kila mwanamume mtu mzima apige kura, kura iwe ya siri, mbunge asidaiwe kuwa na mali, alipwe mshahara, majimbo yalingane, na uchaguzi ufanyike kila mwaka. Wakubwa wakawaona wendawazimu. Mwaka 1842 wakapeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya milioni 3. Gombo lenyewe lilikuwa kubwa hata mlangoni halipiti, ikabidi ligawanywe vipande, vikarundikwa sakafuni. Wabunge 49 wakasema tuwasikilize, 287 wakakataa. Wengine katika vuguvugu hilo waliishia gerezani.

Sasa angalieni. Sharti la mali likafutwa 1858. Kura ya siri ikaja 1872, serikali ikiwa ya Gladstone, Mliberali. Mshahara wa wabunge, 1911. Na mwaka 1867, aliyewapa kura wafanyakazi wengi wa mijini ni nani? Disraeli, Mhafidhina! Si kwamba aliwapenda ghafla, alitaka kuwapiku Waliberali. Na Wachatisti walishukuriwa? Thubutu.

Mimi naona hivi: mtu wa ndani ya chama anawaza uchaguzi ujao, akitoa wazo geni anaogopa kukatwa jina. Wa nje hana cha kukatwa. Analisema wazo likiwa bado linachekwa, analirudia mpaka masikio yazoee, na chama kikiishiwa hoja kinaliokota na kuliita lake. Ujerumani pia, chama cha Kijani, watetezi wa mazingira, kiliingia bungeni 1983. Mwaka 1986, wiki chache baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, serikali ya Kansela Kohl, ambaye wala hakuwa mtu wao, ikaunda wizara ya mazingira.

Ila msinielewe vibaya, kwa njia hiyohiyo chuki nayo hupenya. Chama kinachohofia kunyang'anywa kura huokota hata sumu.

Lile dai la uchaguzi kila mwaka? Hilo mpaka leo halijaokotwa. Mbunge gani atakubali kuomba kura kila mwaka?