Kuvua Chini ya Barafu, Minnesota: Pima Kwanza, Ndoana Baadaye

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Huu weupe wote mnaouona nyuma yangu si uwanja, ni maji. Hapa ni Lake of the Woods, kaskazini kabisa mwa Minnesota, mpakani na Kanada. Na ile pikapu pale haijakwama, imeegeshwa juu ya ziwa.

Mtu wa Mwanza au Kisumu lazima aulize: samaki hawafi? Hawafi. Maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, basi hayo hutulia chini, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu yakaganda. Barafu ni kama kifuniko cha sufuria. Chini yake samaki yu hai, ila mwili umepoa, anakwenda polepole na anakula kidogo. Hilo likumbukeni tukifika kwenye chambo.

Kabla ya yote, unene. Mwongozo wa Idara ya Maliasili ya Minnesota ni huu: barafu mpya iliyo angavu, inchi 4 kwa mtu anayetembea, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, 9 hadi 10 kwa gari dogo, 13 kwa pikapu ya wastani. Ikiwa ni barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda, nguvu yake ni kama nusu tu, kwa hiyo zidisha vipimo hivyo mara mbili. Na usipime pwani ukaridhika. Tembea na mtaimbo, gonga mbele yako, toboa tena kila baada ya futi 150 hivi. Penye mdomo wa mto, chemchemi au chini ya daraja, maji yanatembea na barafu huwa nyembamba hata kama mita chache pembeni gari linapita. Theluji nayo hudanganya: ni blanketi, huzuia baridi isifike chini, barafu ikachelewa kunenepa. Ile milio kama radi mtakayoisikia usiku ni barafu inayotanuka na kupasuka, na peke yake si dalili ya kuzama. Lakini ukiizoea sana usiache kupima.

Vaa jaketi okozi juu ya koti, na shingoni uning'inize misumari miwili yenye mipini. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ndiyo iliyokubeba. Chomeka misumari, piga miguu kama unaogelea, na ukishatoka usisimame: jiviringishe mpaka mbali na tundu.

Mgeni wa likizo hana haja ya kununua vyote hivi. Wenye hoteli za ziwani hukodisha vibanda vyenye jiko la gesi na matundu yaliyokwisha tobolewa sakafuni, vingine vina vitanda vya kulala. Wanakupeleka kwa gari la minyororo na kukurudisha. Ila kagua mambo mawili kabla hawajaondoka: tundu la hewa liko wazi, na king'ora cha kaboni monoksidi kinalia ukikibonyeza. Mnaijua habari ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Ni gesi ile ile, na haina harufu.

Leseni ni lazima kuanzia miaka 16. Asiye mkazi wa jimbo anaweza kukata ya saa 24, saa 72 au siku 7. Wakati wa barafu unaruhusiwa mishipi miwili kwa mtu mmoja.

Samaki anayetafutwa hapa ni wolai, mwenye macho yanayong'aa kama ya paka. Macho hayo huona kwenye giza, ndiyo maana saa nzuri ni alfajiri na jua linapozama. Mchana kuleni, lala, cheza karata.

Ufito ni mfupi, kama inchi 28, mshipi wenye nguvu ya kuhimili ratili 6. Kwanza tafuta kina: bana chubwi kwenye ndoana, ishushe mpaka iguse chini, halafu pandisha futi moja. Mshipi wa kwanza funga kijiko cha chuma cha kama gramu 4, na kwenye ndoana yake weka kichwa cha kidagaa. Kipandishe kwa ghafla futi moja, kiache kianguke, kisha tulia sekunde 5 hadi 10. Wageni wengi hukosea hapa: wanatikisa bila kupumzika. Samaki wa maji baridi hakimbizi chakula. Huja, hutazama, na humeza kikiwa kimetulia. Mshipi wa pili una kidagaa hai kilichochomwa chini ya pezi la mgongoni, na kiboya kidogo. Usiuguse.

Matatizo madogo ndiyo yanayoharibu siku. Ukivulia nje, pete za ufito huziba barafu na mshipi haukimbii, samaki akivuta unakatika; zibane kwa vidole ziyeyuke. Tundu nalo huanza kuganda tena, lisafishe kwa upawa wenye matundu.

Kwenye ziwa hili wolai wa inchi 19.5 hadi 28 hurudishwa majini papo hapo. Idadi ya kubaki nayo soma kwenye kanuni za mwaka huo. Mrudishe haraka, kwa mikono iliyolowa. Ukimlaza juu ya barafu kwa ajili ya picha, macho na matamvua huganda. Na aliyevutwa kutoka zaidi ya futi 30 mara nyingi kibofu chake cha hewa kimefura, hata ukimrudisha huenda asiishi, kwa hiyo samaki wakiwa huko chini kabisa, ukitosheka acha kuvua.

Wa kula, ukimpasua minofu kabla ya safari, acha kipande cha ngozi chenye magamba, inchi moja kwa inchi moja, ili askari wa wanyamapori amtambue. Wenyeji hutupa kichwa, jambo ambalo mtu wa Kisumu hatalisamehe. Omba kile kichwa. Shavuni mna vipande viwili vidogo vya nyama, vitamu kuliko minofu yote, na ugali viko sawa kabisa.